Sura ya Tisa: Sega la Gari Linapokufa

Swali ambalo wenye magari ya mbio ya miaka iliyopita huulizana kila wakutanapo, na ambalo aghalabu hujibiwa kwa pupa kuliko kwa maarifa, ni hili: sega likianza kufa, je, nilitoe? Na likiwa ni la kutolewa, kazi hiyo naweza kuifanya mwenyewe uani kwangu, kwa spana zangu, au sina budi kumpelekea fundi? Aulizaye huwa ameshasikia kauli mbili zisizopatana. Mmoja amemwambia kuwa sega ni mzigo tu ambao serikali za Ulaya na Marekani ziliwatwika watengenezaji, na kwamba gari likitolewa kitu hicho litapumua na kukimbia kama lilivyokusudiwa tangu awali. Mwingine amemwambia kuwa kuligusa ni kuvunja sheria na kuiharibu injini kwa mkono wako mwenyewe. Kila mmoja ana chembe ya kweli mkononi, na hiyo ndiyo sababu ya ubishi wao kutokwisha.

Jibu langu ni kuwa yako masega ambayo kuyaacha ndani ya gari hali yanamomonyoka ni kuihukumu injini, na hayo hayana budi kuondolewa. Kwamba sega kubwa, lile lililo mbele zaidi katika njia ya moshi, libaki mahali pake, na likiwa limekufa libadilishwe badala ya kuachwa bomba tupu. Na kwamba mwenye gari asiyeuliza kwanza ni nini kilicholiua sega atakuwa amemzika maiti na kumwacha muuaji ndani ya nyumba.

Gari nitakalolitolea mfano ni Toyota MR2 ya kizazi cha tatu, gari dogo la viti viwili na paa la turubai, ambalo lilianza kuuzwa Japani mwaka 1999 kwa jina la MR-S, likaitwa MR2 Spyder huko Marekani, na Ulaya likajulikana kwa jina la MR2 Roadster. Uzito wake ni takriban tani moja, injini yake ya lita 1.8 imewekwa nyuma ya viti na mbele ya magurudumu ya nyuma, na tabia yake barabarani ni ya kupendeza mno kwa gari la bei yake. Nimelichagua kwa kuwa hakuna gari jingine la tabaka hili ambalo masega yake yamezua hofu na gumzo kiasi hicho. Na pia kwa kuwa injini yake, 1ZZ-FE, si mgeni Afrika Mashariki hata kidogo: ndiyo iliyomo katika Toyota Wish, Premio na Allion za kizazi cha kwanza, zile za lita 1.8, zinazopita mbele ya macho yetu kila siku katika barabara za Dar es Salaam na Nairobi.

Sega ni nini, na hufanya nini

Sega, kama mafundi wetu wanavyokiita kifaa cha kugeuza moshi, ni tofali la kauri lililotobolewa vijitundu vyembamba vilivyonyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, mamia kadhaa katika kila inchi moja ya mraba, likafungwa ndani ya kopo la chuma na kuwekwa katika bomba la ekzosi. Kuta za vijitundu hivyo hupakwa utando mwembamba wenye madini ya thamani, nayo ni platini, paladi na rodi. Madini haya hayateketei. Kazi yake ni kuziwezesha gesi zenye sumu kubadilika zinapopita juu yake, ilhali yenyewe hubaki kama yalivyokuwa.

Gesi hizo ni za namna tatu. Ya kwanza ni kaboni monoksidi, ambayo humuua mtu aliyejifungia gerejini na gari linalonguruma. Ya pili ni mvuke wa petroli isiyoungua. Ya tatu ni oksidi za naitrojeni, ambazo huzaliwa kutokana na joto kali la silinda. Sega lililo zima huzigeuza zikawa kaboni dioksidi, mvuke wa maji na naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tuivutayo. Walakini hulifanya jambo hilo kwa masharti mawili: liwe limepata moto wa nyuzijoto kiasi cha 250 hadi 300 za Selsiasi, na mchanganyiko wa hewa na petroli uwe wa kadiri, yaani kama sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito. Kulinda kadiri hiyo ni kazi ya sensa ya oksijeni, kijiti kinachochomekwa katika bomba la moshi ili kuionja gesi na kuipasha habari kompyuta ya gari.

Kifaa hiki hakikubuniwa kwa anasa. Mji wa Los Angeles, uliozungukwa na milima na kuchomwa na jua, ulikuwa katika miaka ya 1940 na 1950 ukifunikwa na ukungu uliowasha macho na kukausha koo, mpaka mwanakemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, akaonyesha kuwa ukungu ule hutokana na mvuke wa petroli na moshi wa magari unaopikwa na jua. Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alishughulika na kifaa cha kuutakasa moshi huo, ila alikwamishwa na risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli, kwani risasi huyafunika madini ya sega na kuyanyima kazi. Ilibidi kusubiri sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970 na petroli isiyo na risasi ndipo masega yakaenea katika magari mapya ya nchi hiyo kuanzia modeli za mwaka 1975. Sisi huku tuliendelea kuchoma risasi miaka mingi baadaye. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na ilikuwa Nairobi, makao ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambako mwaka 2021 ilitangazwa kuwa hakuna tena nchi duniani inayouza petroli ya risasi kwa magari. Gari lenye sega lililoletwa Mombasa au Dar es Salaam kabla ya petroli ya risasi kuachwa huku kwetu lilikuwa, kwa insafu, limepelekwa machinjioni.

Gari dogo lenye masega matatu

Magari mengi ya zama zake yana sega moja, au mawili. MR2 hii ina matatu. Mawili madogo yamefichwa ndani ya manifoldi yenyewe, yaani bomba lenye matawi manne linalopokea moshi moja kwa moja kutoka katika silinda, kila sega likihudumia silinda mbili. Na la tatu, kubwa kuliko hayo, liko katika bomba linalofuata, kabla ya kufika kwenye sailensa. Sababu ya kuyaweka yale madogo karibu hivyo na injini ni lile sharti la moto nililolitaja: injini ikiwashwa asubuhi ingali baridi, sega la mbali huchukua muda kupata joto, na sehemu kubwa ya uchafu wa safari nzima hutoka katika dakika zile za mwanzo. Sega lililobanwa shingoni mwa injini huwaka upesi. Kwa upande wa hewa ya mji, hilo ni jambo jema lisilo na shaka.

Ubaya wake ni kuwa jirani huyo akiugua, maradhi yake huingia ndani ya nyumba. Injini ya 1ZZ-FE ina mtambo uitwao VVT-i, ambao hubadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu za kuingiza hewa kwa kadiri ya mwendo na mzigo. Hutokea kwa kitambo kifupi sana valvu za kuingiza na za kutoa zikawa wazi kwa pamoja, na katika kitambo hicho sehemu ya moshi hurudi ndani ya silinda. Moshi mtupu ukirudi hauna madhara. Hata waundaji wa injini huutaka, kwa kuwa hupunguza zile oksidi za naitrojeni. Lakini kauri ya sega ikiwa imekwisha kupasuka na kumeng'enyeka, moshi ule hurudi na vumbi lake, na vumbi la kauri ni gumu kuliko chuma cha ukuta wa silinda. Linapopanda na kushuka na pistoni maelfu ya mara kwa dakika, huukwangua ukuta ule kama msasa.

Nani aliyemwanza mwenziwe?

Hapa ndipo penye mjadala mkubwa miongoni mwa wamiliki wa gari hili, na ningependa msomaji asipite haraka, kwa kuwa tiba yote inategemea upande atakaousadiki.

Kundi la kwanza husema kuwa masega ndiyo mkosaji: yalitengenezwa dhaifu, yakapasuka kwa joto, vumbi likaingia katika silinda, ringi za pistoni zikaharibika, na gari likaanza kula oili. Kundi la pili huigeuza hadithi. Husema kuwa injini hizi, hasa za matoleo ya mwanzo, zilikuwa na pistoni zenye vijitundu vichache na vyembamba mno vya kurudishia oili nyuma ya ringi ya chini, ile iitwayo ringi ya mafuta. Vijitundu vile vikaziba kwa masizi, ringi zikaganda, oili ikapanda na kuungua pamoja na petroli. Na oili ile, yenye fosforasi na zinki zilizotiwa humo ili kulinda vyuma visisagane, ikaufunika utando wa sega na kulizidishia joto mpaka likafa. Watengenezaji wenyewe walikuja kuibadili pistoni katika matoleo ya baadaye, jambo ambalo huwapa nguvu watu wa kundi hili.

Mimi naelemea upande wa pili, bila ya kuwanyima haki yao wa kwanza. Sega kwa desturi halifi kwa ajali yake, huuawa. Huuawa na oili, huuawa na maji ya rejeta yanayovuja ndani ya silinda kwa gasketi iliyoungua, na huuawa upesi kuliko vyote na petroli isiyoungua, pale plagi au koili moja inapokufa na dereva akaendelea na safari kwa kuwa gari bado linakwenda. Petroli ile huungulia ndani ya sega, na kauri, ambayo huyeyuka karibu na nyuzijoto 1,450, hufikishwa mahali isipopaswa kufika. Lakini lililo kweli pia ni kuwa sega likishaanza kumomonyoka, nalo hugeuka mkosaji wa pili, na tangu hapo kila mmoja humharibu mwenziwe: oili huua sega, vumbi la sega huua ringi, na ringi mbovu huleta oili zaidi. Aliyeanza hatuhitaji tena kumjua ili tumtenganishe na mwenziwe, ila tunahitaji kumjua ili tujue kama kuwatenganisha kutatosha.

Kwa ufupi, kabla ya kushika spana jiulize mambo haya:

• Je, gari linakula oili, na kwa kiasi gani? Pima kwa kijiti, likiwa mahali tambarare, kila unapojaza tangi.
• Je, injini inagonga au kukosa silinda moja, hata kwa nadra?
• Je, maji ya rejeta hupungua bila ya kuonekana yanapomwagikia?

Ikiwa jibu la swali lolote ni ndiyo, sega jipya utakalolitia, hata liwe la dhahabu, litafuata njia ya mtangulizi wake.

Dalili, na namna ya kutazama bila ya kufungua

Dalili za sega linalokufa hazifichiki kwa mwenye sikio na pua. Gari hupungukiwa na nguvu hasa kwenye mwendo mkubwa, kana kwamba limezibwa kinywa. Husikika mchakacho wa vipande vilivyolegea ndani ya kopo injini inapounguruma polepole. Pengine hutoka harufu ya yai viza. Na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi, na mashine ya kusomea hitilafu ikaonyesha namba P0420, maana yake kompyuta imeona kuwa sega halitendi kazi inavyotakiwa. Namba hiyo isikupotoshe. Huweza kuletwa na sensa iliyochoka au na tundu dogo la kuvuja kwenye bomba, na wako watu waliotupa sega zima kwa ajili ya gasketi iliyopasuka.

Katika MR2 yako njia nyepesi ya kuyaona masega madogo kwa macho. Sensa mbili za juu zimechomekwa katika manifoldi yenyewe. Ukizitoa injini ikiwa baridi, ukachungulia kwa tochi au kwa kamera ndogo ya waya, ambayo siku hizi huunganishwa na simu na haina bei kubwa, utauona uso wa sega. Likiwa zima, vijitundu vyake vimepangika sawasawa, na rangi yake ni ya kijivu au hudhurungi. Likiwa linakufa, utaona nyufa, mashimo, kingo zilizoliwa, au pengine hutaona kitu, kwa kuwa limekwisha kwenda. Hali hii ya mwisho ndiyo inayotisha kuliko zote, maana sharti ujiulize lilikokwenda: ama limesukumwa mbele likaliziba sega kubwa, ama limerudi nyuma.

Kazi yenyewe

Nyumbani inafanyika. Haihitaji akili nyingi, inahitaji subira, na aliye na haraka ampe fundi. Vitu vya lazima ni jeki na stendi madhubuti za kulishikilia gari, boksi spana kamili, mafuta ya kulegeza kutu, gasketi mpya, miwani ya kinga, glavu na barakoa nzuri ya vumbi. Stendi nimezitaja mapema kwa makusudi: gari halilaliwi chini likiwa juu ya jeki peke yake, hata kwa nusu dakika, hata kwa kuokota nati iliyoanguka.

Adui wa kazi hii ni kutu. Bolti za ekzosi zimechemshwa na kupozwa kwa miaka ishirini na zaidi, na katika nchi kama Uingereza, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi, zimekuwa kitu kimoja na nati zake. Basi anza siku moja kabla. Zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu, rudia jioni, rudia asubuhi. Nati ikigoma, ikaze kidogo kwanza kabla ya kuifungua, kwani mtikisiko ule mdogo huivunja kutu, ilhali kuivuta kwa nguvu upande mmoja huikata shingo. Wapo wanaotumia moto wa gesi. Mimi nauogopa katika gari ambalo injini iko nyuma ya viti na mabomba ya petroli hayako mbali, nami naona ni afadhali kununua bolti mpya kuliko kununua gari jipya.

Toa waya wa betri wa upande hasi. Fungua sensa, kwa soketi maalumu yenye ufa ubavuni wa kupitisha waya kama ni za kuzungushwa, au kwa spana ya kawaida kama zimeshikwa na nati mbili. Zote ziwekwe mahali pasipo mafuta wala mchanga, kwa kuwa ncha ya sensa ni laini kuliko inavyoonekana. Ondoa sailensa, ambayo ndiyo iliyoziba njia, kisha vibati vya kukinga joto, ambavyo bolti zake ndogo ndizo hukatika mwanzo. Ikikatika moja, usivunjike moyo, jambo hili huwapata hata mafundi. Achanisha kiungo cha chini, ambacho hukazwa kwa bolti za springi. Mwisho legeza nati zinazoshika manifoldi kwenye kichwa cha injini, kidogo kidogo na kwa kupokezana, si moja baada ya moja mpaka mwisho, kisha uishushe manifoldi yote mikononi.

Sasa una njia mbili. Ya kwanza ni kununua manifoldi nyingine isiyo na masega madogo, ambayo huuzwa na watengenezaji wengi wa vipuri, kwa ubora unaotofautiana sana. Zile rahisi mno hupasuka kwenye maungio. Ya pili, ambayo wengi huifuata kwa iktisadi, ni kuyavunja masega yaliyomo kwa patasi ndefu na nyundo na kuyatoa yote, ukabaki na manifoldi ile ile ya kiwandani ikiwa tupu ndani. Ukiifuata hii ya pili, sharti ni moja na halina ruhusa: manifoldi iwe imetolewa garini. Wapo waliojaribu kuyapasua kupitia matundu ya sensa, gari likiwa limesimama kama lilivyo, na kuvuta vumbi kwa mashine ya kufagilia; hao wamefanya kwa mikono yao kile ambacho masega yalikuwa yakikifanya polepole.

Yavunje ukiwa nje, na uyachovye majini kwanza. Vumbi la kauri lina madhara kwa mapafu, na mkeka wa nyuzi uliozunguka tofali, hasa katika magari ya zamani, ni mbaya zaidi. Mkeka huo nao utolewe wote, kwani ukibaki bila ya tofali la kuushika utanyofoka nyuzi nyuzi. Ukimaliza, ioshe manifoldi kwa maji mengi, igonge pande zote, ipulize kwa hewa ya kompresa, iache ikauke, kisha uigonge tena. Kitakachodondoka safari hii ndicho kingeingia kwenye silinda. Rudia mpaka kisidondoke kitu.

Kufunga ni kinyume cha kufungua, pamoja na mambo mawili. Gasketi ziwe mpya, na nati za kichwani zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Na nyuzi za sensa zipakwe grisi isiyoshika kutu, ila kwa ncha ya kidole, isifike kwenye matundu ya kichwa chake, maana huko itakuwa umeitia sumu sensa nzima.

Sega kubwa, na sheria

Yakishatoka yale madogo, nafsi humshawishi mtu atoe na kubwa. Nguvu atakayoipata ni kidogo kuliko anavyodhani, kwa sababu sega lililo zima haliubani moshi sana. Kinachoubana ni sega lililoziba. Atakachokipata kwa hakika ni kelele, harufu ya petroli nguoni, taa ya injini isiyozimika, na moshi ambao jirani yake hakuukubali. Kama sega kubwa limezibwa na vipande vya yale madogo, libadilishwe. Sensa ya mwisho katika gari hili huliangalia hilo kubwa, na ndiyo maana mara nyingi taa huwa kimya baada ya madogo kuondoka, ilhali haliondoki kubwa bila ya kompyuta kulalamika.

Juu ya sheria sitazungukazunguka. Nchini Marekani sheria ya hewa safi inakataza kuondoa kifaa chochote cha kupunguza uchafu katika gari la barabarani, na tangu marekebisho ya mwaka 1990 katazo hilo linamshika mtu binafsi pia, wala si gereji tu. Nayo haitofautishi sega dogo na kubwa. Basi mwenye MR2 huko anayetaka kubaki upande wa haki atie manifoldi mpya yenye masega yake. Uingereza, ambako gari hukaguliwa kila mwaka, mkaguzi huupima moshi injini ikiwa imepata moto, na hulikataa gari lililopaswa kuwa na sega likakutwa halina. Msomaji aliye Muscat, Toronto au Arusha aulize kwanza kwao.

Huku kwetu hatari imekaa upande mwingine. Rodi ilivuka dola 25,000 kwa aunsi moja mwaka 2021, na tangu hapo hakuna asiyejua kuwa sega kuukuu lina thamani. Wanunuzi wa masega wamezagaa mijini, na wako wenye magari waliopeleka gari kubadilishiwa breki wakarudishiwa lenye sauti mpya. Fedha ya sega lako ni haki yako. Platini na rodi zilizo katika sega la gari la Japani huenda zilichimbwa Afrika Kusini, ambako ndiko itokako sehemu kubwa ya madini haya duniani, zikasafiri Asia na kurudi kwetu ndani ya gari lililotumika. Na tofali lililopasuka halijapoteza madini yake, kwa hiyo hata vile vipande vilivyolowa visimwagwe shimoni. Vikusanye katika mfuko uliofungwa vizuri, uvipime uzani, na uulize bei kwa zaidi ya mnunuzi mmoja kabla ya kukubali ya kwanza.

Siku za mwanzo

Washa injini ikiwa gari liko nje, usikilize. Sauti ya tiki-tiki inayofuata mwendo wa injini ni dalili ya moshi unaovuja kwenye gasketi. Moshi mweupe mdogo kutoka katika manifoldi ni mafuta ya kulegeza kutu yanayoungua, nao utakwisha wenyewe. Likishapoa kabisa, kagua tena kila nati kwa mkono.

Kisha anza kuhesabu oili. Andika kilomita na kipimo cha kijiti kila ujazapo tangi, kwa muda wa tangi kadhaa, ukitumia oili ya daraja ile ile. Ikiwa oili haipungui, ulilitoa sega kabla halijaifikia injini, nawe huna la zaidi ila kuibadilisha oili kwa wakati. Ikiwa inapungua kidogo, yumkini ni ringi zilizoganda, na wako waliofaulu kuzilegeza kwa oili nzuri na mwendo mrefu wa barabara kuu. Ikiwa inapungua lita nzima kabla ya kilomita elfu moja kutimia, peleka gari likapimwe mgandamizo wa silinda zote nne, kavu kwanza, kisha kwa kijiko cha oili kilichomiminwa katika kila tundu la plagi. Namba ikipanda sana kwa oili ile, kazi iliyobaki ni ya ringi na kuta za silinda, nayo si ya uani.